MVUMO WA BESI NA WAYA WA ARDHI

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya pili ya mkutano wetu. Inachapishwa kwa ombi la wanafunzi wa bendi.)



Katika ratiba mliyogawiwa imeandikwa kwamba nitazungumza juu ya "Kijana na Utumishi wa Umma." Naomba radhi, maana somo nimelibadili jana usiku saa nne, na sababu yake nitaieleza kabla sijaketi. Nitazungumza juu ya gitaa la besi la bendi ya shule, na juu ya mvumo ule ambao sote tuliusikia jana wakati wa chakula cha jioni. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliinua macho akatazama dari, akaniuliza kama nyuki wa bwalo hili hawajahama bado.

Kwa wasionifahamu, nilimaliza kidato cha sita hapa mwaka 1999. Nilisoma Fizikia na Hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo ni mtumishi wa serikali ninayeshinda mezani na mafaili. Lakini katika miaka yangu miwili ya bweni hapa nilikuwa fundi wa bendi. Sikujua kupiga chombo cho chote. Nilibeba spika, nilikunja nyaya, na kitu kikiharibika nilikuwa wa kwanza kushika bisibisi. Kupiga besi nilijifunza baadaye, na mpaka sasa hupiga siku za Jumamosi pamoja na marafiki zangu, kwa furaha yetu wenyewe na kwa uvumilivu wa majirani.

Jana baada ya chakula niliwaomba vijana wa bendi wanionyeshe vyombo vyao. Nilianza na plagi ya amplifaya ya besi. Nilichokikuta ndani yake ndicho kilichonifanya nibadili somo. Nitakifikia. Kwanza nataka tuelewane juu ya mvumo wenyewe, kwa sababu mtu asiyejua mvumo unatoka wapi atakata waya wo wote ulio karibu na mkono wake.

Mvumo watoka wapi

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kifaa kiitwacho pikapu. Sisemi lile gari la kubebea magunia. Pikapu ya gitaa ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku nao hutikisika, na ndani ya waya huzaliwa umeme mdogo sana. Kanuni hii aliigundua Michael Faraday mjini London mwaka 1831, nanyi vijana mnaikuta katika kitabu chenu cha fizikia. Umeme huo mdogo hupita katika kebo mpaka kwenye amplifaya, hukuzwa, na spika huugeuza kuwa sauti.

Taabu ni kwamba waya ule hauchagui. Haujui kama uga unaoutikisa umetoka kwenye uzi wa besi, au kwenye transfoma ya amplifaya, au kwenye choki ya taa ndefu, au kwenye mota ya feni. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kila unapopita huacha uga unaotikisika vivyo hivyo, na pikapu huupokea kama inavyoupokea muziki. Ndiyo maana mvumo una sauti moja isiyobadilika, iwe unapiga au umenyamaza.

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi: "Kaka, kwa nini tusiuchuje tu kwa kile kifundo cha toni?" Ni swali zuri, na jibu lake ni la hesabu. Uzi mnene wa besi, yaani E, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi wa A mara 55, wa D mara 73, na wa G mara 98. Mvumo wa 50 umekaa katikati ya E na A. Ukibana E katika kituo cha tatu, unapata sauti ya 49, pua na mdomo na mvumo. Tena mvumo hauji peke yake, huandamana na ndugu yake wa 100, ambaye amekaa ubavuni mwa G. Gitaa la solo huanzia mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo mwenye solo anaweza kupunguza sauti za chini kidogo asidhurike sana. Mwenye besi akizipunguza, amepunguza mshahara wake mwenyewe.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kelele za besi ni za aina mbili kubwa, na dawa ya moja siyo dawa ya nyingine.

Aina ya kwanza ni ile niliyoieleza, inayoletwa na uga wa sumaku. Ni mvumo mnene na laini. Utaitambua kwa kugeuka: ukiwa umeshika besi, zunguka polepole mahali ulipo. Ukifika upande mmoja mvumo hupungua, ukiendelea kuzunguka hurudi. Aina ya pili huletwa na uga wa umeme wa nyaya na taa, ambao huingia katika besi hata pasipo sumaku. Hii ina sauti ya kukwaruza, kama panzi ndani ya kopo. Utaitambua kwa kugusa: ukishika nyuzi hupungua, ukiachia hurudi. Sababu ni kwamba mwili wa binadamu huokota uga huo kama waya wa antena, na nyuzi za besi zimeungwa na upande wa ardhi wa amplifaya. Ukizishika, mwili wako huacha kuwa antena na kuwa ngao.

Dawa ya aina ya pili ni kuifunika besi kwa ndani. Faraday huyo huyo alionyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichozungushiwa metali huzuia uga wa umeme kuingia. Basi tundu lile la mbao lenye pikapu na vifundo tunalitandika utepe wa shaba pande zote pamoja na upande wa ndani wa kifuniko, kisha shaba hiyo tunaiunga na waya wa ardhi wa besi. Lakini shaba hiyo haiuzuii uga wa sumaku wa mitikisiko 50. Uga huo huzama karibu milimita 9 ndani ya shaba ndipo ushuke mpaka kiasi cha theluthi moja ya nguvu yake, na utepe wetu hata milimita moja haufiki. Nimewaona watu wengi wakitandika besi nzima kwa shaba, kisha wakilaumu shaba kwa kazi isiyokuwa yake.

Dawa ya aina ya kwanza ni koili mbili. Katika mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, na akapewa mwaka 1959. Koili ya pili ilizungushwa kinyume cha ya kwanza, na sumaku yake pia ikageuzwa. Mvumo unaotoka nje haujali sumaku imetazama wapi, kwa hiyo huingia katika koili mbili ukiwa umekinzana, nao hujiua wenyewe. Lakini sauti ya uzi hugeuzwa mara mbili, mara moja na koili na mara moja na sumaku, na kitu kilichogeuzwa mara mbili hurudi kilivyokuwa. Basi mvumo hupotea na muziki hubaki.

Mabesi ya Fender yanaonyesha historia hiyo vizuri. Precision ya mwaka 1951 ilikuwa na koili moja, nayo ilivuma. Mwaka 1957 pikapu yake iligawanywa vipande viwili, kila kimoja chini ya nyuzi mbili, kimoja kinyume cha mwenzake, na mvumo ukanyamaza. Jazz Bass ya mwaka 1960 ina pikapu mbili za koili moja moja, nazo ni kinyume. Kila moja peke yake huvuma. Zikifunguliwa zote mbili kwa kipimo kimoja, hunyamazishana. Besi ya shule yetu ni ya mfano huo wa Jazz, na siri hiyo vijana walikuwa hawajaambiwa. Walikuwa wakifungua pikapu ya nyuma tu, kwa kuwa ina sauti kali, na kushangaa nyuki wametoka wapi.

Kutafuta chanzo

Leo asubuhi tulianza kazi saa moja, mimi na vijana wanne, tukamaliza saa tano. Napenda kueleza hatua tulizofuata kwa utaratibu wake, ili anayetaka aandike. Kanuni ni moja: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, sikiliza, andika. Ukibadili vitu vitatu pamoja na mvumo ukapungua, hujajifunza lo lote.

Kwanza, tulichomoa kebo kwenye amplifaya, tukaiacha inawaka peke yake. Kama ingeendelea kuvuma sana, ugonjwa ungekuwa wa amplifaya na besi ingeachwa kwa amani. Ilikuwa kimya.

Pili, tuliunga besi na kushusha vifundo vyote viwili vya sauti mpaka sifuri. Mvumo uliosikika hapo haukuwa wa pikapu. Ulikuwa wa kebo. Tuliifungua kebo tukakuta ni waya wa spika uliofungiwa plagi za gitaa. Waya wa spika hauna ngao. Kebo ya gitaa ina waya mmoja katikati na msuko wa shaba umeuzungukia, na msuko huo ndio unaozuia uga wa nje. Kwa macho nyaya hizi mbili hufanana, kwa sikio hazifanani hata kidogo. Nilikuja na kebo yangu ya mita tano, nimewaachia. Msitumie ndefu kuliko mnavyohitaji, kwani kila mita inayoongezeka hula sauti za juu za chombo.

Tatu, tulifungua vifundo vyote viwili mpaka mwisho kwa pamoja. Mvumo mnene ulianguka mara moja. Kijana mpigaji alirudisha kifundo kimoja nyuma kidogo tu, nao ukaanza kunyemelea kurudi. Alicheka, akafanya hivyo mara tano.

Nne, tuligusa nyuzi. Mkwaruzo haukupungua. Tukagusa chuma cha tundu la kebo, ukapungua. Hii ndiyo dalili ya kwamba waya unaounga daraja la nyuzi na ardhi ya besi umekatika. Tulifungua daraja tukaukuta waya huo umeoza kwa jasho na kutu. Tuliuchomelea upya kwa risasi, na mita ikasoma chini ya om moja kati ya nyuzi na tundu la kebo. Angalieni na kinyume chake: ukigusa nyuzi na kelele ikaongezeka, nyaya mbili za tundu la kebo zimebadilishana mahali.

Tano, tulitandika utepe wa shaba ndani ya besi kama nilivyoeleza. Ukikosa shaba, karatasi ya alumini ya jikoni yafaa, ila haishiki risasi, kwa hiyo ibane kwa skrubu pamoja na waya wa ardhi. Hakikisheni tu kwamba metali hiyo haigusi waya unaobeba sauti, la sivyo besi itakuwa bubu.

Sita, tulizunguka bwalo tukiwa na besi mkononi. Penye taa ile ndefu iliyo juu ya jukwaa upande wa kushoto, mvumo ulipanda. Tukiizima, unashuka. Tumeiondoa choki yake iliyochakaa, na mpigaji amehamishwa hatua tatu mbali na amplifaya yake, kwa sababu transfoma iliyomo ndani ndiyo jirani mbaya kuliko wote. Simu za mikononi nazo, vijana, ziwekwe mbali na besi. Ule mlio wa kukatakata unaokuja kabla ya simu kuita hauna dawa nyingine.

Je, sasa ni kimya kabisa? La. Mvumo mdogo umebaki, utausikia ukiweka sikio penye spika. Lakini mpigaji akianza, hausikiki. Hilo latosha, na mtu asiwaahidi zaidi.

Waya usiokatwa

Ndugu Mwenyekiti, hatua sita hizo zilikuwa za leo. Hatua ya kwanza kabisa ilikuwa ya jana usiku, nami sasa nimeifikia.

Plagi zetu zina meno matatu. Mawili huleta na kurudisha umeme. La tatu, lile refu, huungwa na waya wa rangi ya kijani na njano, ambao mafundi huuita athi. Nilipoifungua plagi ya amplifaya ya besi, niliukuta waya huo umekatwa, ukakunjwa vizuri na kufichwa chini ya kamba ya kubania. Niliuliza ni nani aliyefanya. Vijana walitazamana. Nikawaambia waziwazi kwamba simtafuti mtu wa kumwadhibu, maana namna ule waya ulivyokunjwa niliijua. Ndivyo nilivyoukunja mimi, katika bwalo hili hili, mwaka 1998.

Mwaka huo tulikuwa na amplifaya kuukuu ya besi, na kwa sherehe ya mahafali tulikodi maikrofoni na kisanduku chake cha kuchanganyia sauti kutoka kwa fundi mmoja wa mjini. Tulipoviunga pamoja, mvumo ulizuka mkubwa ajabu. Sasa najua sababu yake. Vyombo viwili vilivyochomekwa katika soketi mbili tofauti, kisha vikaungwa tena kwa kebo ya sauti, hufanya duara kubwa la waya wa ardhi, na duara hilo hunasa uga wa sumaku wa umeme wa jengo zima. Wakati ule sikujua. Nilijaribu hili na lile, na mwisho nikakata athi ya amplifaya. Duara likavunjika, mvumo ukapungua zaidi ya nusu. Wenzangu walinibeba juu juu. Nami nikaamini kwamba nimekuwa mhandisi.

Hebu tuufuate umeme kwa kidole. Mwili wa chuma wa amplifaya umeungwa na msuko wa kebo. Msuko umeungwa na daraja la besi. Daraja limeshika nyuzi, na nyuzi zimeshikwa na mpigaji. Kwa hiyo mkono wa mpigaji umeshika mwili wa amplifaya, hata kama imesimama mita tano nyuma yake. Kapasita ikichoka ndani ya amplifaya hiyo, au transfoma ikivuja, umeme wa volti 230 hufika kwenye chuma. Athi ikiwapo, umeme huo hukimbilia ardhini kwa wingi na fyuzi hukatika. Athi isipokuwapo, hakuna kinachoonekana. Umeme hukaa pale kwenye nyuzi ukingoja njia. Na maikrofoni ya chombo kingine chenye athi nzuri, iliyosimama mbele ya mdomo wa mpigaji, ndiyo njia.

Siku ya mahafali, katika wimbo wa tatu, mpiga besi wetu alisogea kuitikia kiitikio. Mdomo wake uligusa maikrofoni. Hakupiga kelele. Alikakamaa kwanza, kisha akaanguka chali, na alipoanguka kebo ilichomoka kwenye besi. Kebo ile kuchomoka ndiyo iliyomwokoa. Alipata jeraha la kuungua mdomoni na katika vidole viwili, akalala zahanati usiku ule.

Nami nilifanya nini? Usiku huo huo, wakati wenzangu wako zahanati, nilirudi hapa na bisibisi nikaurudisha waya mahali pake. Asubuhi watu walipokagua, walikuta amplifaya yetu ni salama kabisa. Wakaamua kwamba maikrofoni ndiyo mbovu. Yule fundi wa mjini alinyimwa ujira wake, akabeba vyombo vyake akaondoka na jina baya, nami nikamsaidia kupakia, nikanyamaza. Nilipoanza kazi nilikwenda kumtafuta. Niliambiwa amehama, na mpaka leo sijampata.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mpiga besi wetu yuko hapa leo, amekaa pamoja nanyi. Jana usiku, kabla sijabadili somo, nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Bwana, mbona hukusema mwaka ule? Mimi nimeogopa maikrofoni miaka yote hii, kumbe nilipaswa kukuogopa wewe." Alisema akicheka, lakini nilifahamu kwamba si kicheko chote. Yeye ndiye aliyeniruhusu nisimulie mbele yenu.

Vijana, msidhani kisa hiki ni cha shule yetu tu. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea tarehe 3 Mei 1972. Alikuwa na gitaa mkononi akagusa maikrofoni ambayo haikuwa na athi sahihi. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, aliuawa na umeme mwaka 1976 akipiga gitaa nyumbani kwake. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, katika nchi yenye mafundi wengi. Athi haichagui wenye majina.

Sasa mtasema: basi tufanyeje, kama duara la ardhi lipo kweli? Dawa zipo mbili. Ya kwanza haina gharama: vyombo vyote vya jukwaani vipate umeme kutoka katika soketi moja, kwa ekstensheni nzuri yenye athi. Bendi ndogo haifikishi ampia 13 za plagi, lakini jumlisheni wati za vyombo vyenu kwanza, zisizidi 2,900. Ya pili ni kisanduku kidogo chenye transfoma ndani, kinachokaa kati ya besi na chombo cha kuchanganyia sauti. Sauti huvuka kwa sumaku pasipo waya kugusana na waya, na kisanduku hicho huwa na swichi ya kutenganisha ardhi ya kebo ya sauti. Hiyo ndiyo ardhi inayoruhusiwa kutenganishwa. Ardhi ya umeme wa ukutani haitenganishwi kamwe, hata kwa wimbo mmoja.

Ombi langu

Ndugu Mwenyekiti, kurudisha waya ndani ya plagi ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini jana niliendelea, nikazipima soketi mbili za jukwaa hili. Ya kulia ina athi. Ya kushoto ina tundu la athi, ila nyuma yake hakuna waya wo wote. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa mwaminifu, asikate kitu, na bado akasimama hapa bila kinga. Nimeifunga soketi hiyo kwa utepe mwekundu, na Mkuu wa Shule ameahidi kwamba haitatumika.

Nimefanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua kwamba kitu kisicholeta faida ya kila siku ni rahisi kuondolewa. Athi ni kitu cha namna hiyo. Mwaka mzima haifanyi lo lote, tena huonekana ndiyo inayoleta kelele. Kazi yake ni ya nusu sekunde, na huwezi kujua ni nusu sekunde ya siku gani.

Katika ajenda ya kesho kuna mapendekezo ya kupaka bwalo rangi na kununua viti vya wageni. Naomba mkutano uahirishe viti, na fedha hizo tumlipe fundi mwenye leseni akague nyaya zote za bwalo na mabweni, apime ardhi yake kwa kipimo kinachostahili, na aweke swichi ya usalama ile inayokata umeme mara miliampia 30 zinapovuja. Mimi nitatoa mchango wa kwanza, mkubwa kuliko ningalivyotoa katika hali ya kawaida, na sababu mmeisikia. Naomba pia kwamba ye yote miongoni mwetu aliye na habari za yule fundi wa mjini, au za watoto wake, anijulishe. Ninadaiwa ujira wa siku moja wa mwaka 1998.

Nanyi vijana wa bendi, nawaachia chuma cha kuchomelea, mita, na utepe wa shaba uliobaki. Mvumo ukirudi, na utarudi, anzeni hatua ya kwanza tena kwa subira. Mkishindwa, pigeni hivyo hivyo na nyuki wenu. Hakuna mtu aliyewahi kuumwa na hao.